Bibi Aliyegonga Benchi: Uchambuzi wa Kisa cha Mtoto Aliyesubiriwa Aseme

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wauguzi, wakunga, wahudumu wa afya wa vijiji na walezi wa watoto wadogo katika miji ya Uganda ambako Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu sokoni, kambini na mpakani. Mama wa mtoto ameridhia kiandikwe kwa sharti kwamba mji, kituo, hospitali na lugha ya nyumbani kwao visitajwe. Umri na mambo mengine madogo yamebadilishwa kidogo, lakini mfuatano wa matukio umebaki kama ulivyokuwa. Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya cha daraja la III, na mtoto huyu alipita mikononi mwangu mara mbili kabla sijaona kilichokuwa wazi. Nalitaja hilo mapema kwa sababu sehemu kubwa ya uchambuzi inahusu mara hizo mbili.

Familia na miezi ya mwanzo

Mtoto ni msichana, wa pili kuzaliwa. Mama yake anauza nguo za mitumba karibu na kituo cha malori, baba yake ni dereva wa masafa marefu ambaye hurudi nyumbani kila baada ya wiki mbili au tatu, na mchana kutwa mtoto hukaa na bibi yake mzaa mama pamoja na kaka yake wa miaka 6. Nyumbani bibi husema lugha ya kwao. Mama na baba huzungumza Kiswahili, majirani wengi Kiganda, na kaka hurudi na Kiingereza cha shule. Nyumba za namna hii ni za kawaida kabisa kwetu.

Mimba na uzazi havikuwa na tatizo. Mtoto alilia mara moja alipozaliwa, alinyonya vizuri na alipata chanjo zote kwa wakati. Alipokuwa na miezi 7 alikuwa ameanza kukaa bila kushikwa, akibwabwaja "ba-ba-ba" na "da-da", na bibi anakumbuka kwamba alikuwa akigeuza kichwa kila lori la baba lilipopiga honi njiani. Kumbukumbu hiyo ya honi ilikuja kuwa muhimu baadaye, lakini kwa miezi 17 hakuna aliyeiulizia.

Ugonjwa wa mwezi wa nane

Katika mwezi wa nane wa umri wake mtoto alishikwa na homa kali usiku, na kulipokucha akapata degedege. Katika kliniki moja ya binafsi alitibiwa malaria kwa siku moja. Hali ilipozidi kuwa mbaya alipelekwa hospitali, ambako alitolewa maji ya uti wa mgongo, akathibitishwa kuwa na homa ya uti wa mgongo, akachomwa sindano za antibiotiki kwa siku 14. Alipona. Bibi anasimulia kwamba siku ya kuruhusiwa daktari alimnyanyua mtoto, akamwonyesha mama, akasema, "Huyu ameponea chupuchupu, mshukuruni Mungu." Wakarudi nyumbani na karatasi ya ruhusa iliyoandikwa dawa, tarehe na neno "amepona". Usikivu haukupimwa, wala hapakuwa na mstari wowote uliomwagiza mama amlete mtoto huyo apimwe baadaye.

Kwa wiki kadhaa baada ya hapo mtoto hakuweza tena kukaa peke yake. Alikuwa akiyumba na kuangukia upande, hata akiegemezwa mto. Kubwabwaja kulipungua polepole mpaka kukabaki sauti moja nzito ya kooni. Familia iliyaona yote mawili na ikayapa sababu moja: ugonjwa umemdhoofisha, atarudi.

"Ametembea, atasema"

Nilimwona mara ya kwanza alipoletwa kupata dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubela, akiwa na miezi 18. Kadi yake ilikuwa imejazwa vizuri: uzito, chanjo, vitamini A. Alikuwa bado hajatembea bila kushikwa. Nilimuuliza mama kama mtoto anasema, akajibu, "Bado, musawo, hata neno 'mama' halisemi." Musawo ndivyo tunavyoitwa wahudumu wa afya kwa Kiganda. Nilipiga makofi mawili nikiwa mbele ya mtoto, kidogo upande wa kulia. Akanitazama. Nikaandika kwamba anasikia.

Kisha nikamweleza mama kwamba mtoto aliyeugua vile huchelewa kidogo, na kwamba nyumba yenye lugha tatu au nne humchanganya mtoto, kwa hiyo wachague lugha moja na wasubiri. Maneno hayo niliyasema kwa sauti ya upole na kwa nia njema. Yote yalikuwa makosa.

Wiki chache baadaye, katika mwezi wa 19, mtoto alitembea. Mama alipita nami kituoni akiwa njiani kwenda sokoni, akamweka chini, akaniachia nimwone akipiga hatua 5 au 6 huku miguu imepanuka na mikono iko hewani kama anayevuka daraja la gogo. Tulifurahi sote. Mimi mwenyewe nilitamka, "Ametembea, atasema." Hiyo ndiyo mara ya pili.

Wakati huohuo jirani mmoja alimshauri bibi kwamba ulimi wa mtoto umefungwa. Mtoto alipelekwa kwa mganga wa mtaa, akakatwa utando wa chini ya ulimi kwa wembe. Alitokwa na damu, alikataa chakula kwa siku tatu, na hakusema. Mama aliniambia habari hii baada ya muda mrefu, tena kwa woga, kwa kuwa alihofia kukaripiwa. Bibi aliyempeleka alikuwa akitafuta msaada baada ya mimi kuwaambia wasubiri.

Siku ya vitamini

Mwezi wa Oktoba, katika Siku za Afya ya Mtoto ambazo Uganda huzifanya Aprili na Oktoba, bibi alimleta mtoto kupata vitamini A na dawa ya minyoo. Alikuwa na miezi 25. Foleni ilikuwa ndefu na baraza limejaa kelele. Mtoto alikuwa amepiga magoti mbele ya benchi refu la mbao, viwiko vyake juu ya ubao, akipanga vifuniko vya soda: chekundu, cheupe, chekundu, cheupe. Bibi alikuwa ameketi mwisho mwingine wa benchi hilo. Zamu yao ilipofika, bibi hakumwita mjukuu kwa jina. Alikunja ngumi, akagonga ubao mara mbili kwa vifundo vya vidole, kama mtu anayebisha hodi. Mtoto akainua macho, akamtazama bibi moja kwa moja, akakusanya vifuniko vyake.

Nilimuuliza, "Jaja, mbona humwiti kwa jina?" Alifikiri kidogo, kama vile naye anajiuliza kwa mara ya kwanza. Akasema, "Hivi ndivyo anavyoitika."

Niliwaomba wakae hadi foleni iishe. Bibi alinieleza mengine bila kujua anayapanga kuwa ushahidi: kwamba kaka humrushia punje ya mahindi anapotaka ageuke, kwamba usiku mama hatamki neno bali hufungua dirisha kidogo ili taa ya nje iangukie kitanda, kwamba mtoto hulala fofofo hata honi za malori zikilia, kwamba bibi anapoimba, mtoto huja kuweka kiganja juu ya kifua cha bibi na kukiacha hapo mpaka wimbo uishe.

Baraza lilipotulia tulimpima upya. Mhudumu wa afya wa kijiji, VHT kama tunavyowaita, aliketi mbele ya mtoto akimchezesha kwa kitambaa. Mimi nilisimama nyuma ya mtoto kwa urefu wa mkono mmoja, upande ambao kivuli changu hakikumfikia, nikavua viatu ili nyayo zisitikise chochote. Nilitikisa kopo lenye maharage, kwanza nyuma ya sikio la kulia, kisha la kushoto. Nikagonga kijiko ndani ya kikombe cha chuma. Nikamwita kwa jina, kwa sauti ya kawaida kisha kwa sauti kubwa. Hakugeuka hata mara moja. VHT alipoweka kitambaa chini na kutazama juu ya kichwa cha mtoto, mtoto alifuata macho yake akageuka kunitazama. Hapo nilielewa ni nini kilichotokea na makofi yangu ya miezi 7 iliyopita.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu tunachoshuku. Mtoto asiyeitikia jina lake akiwa na miaka 2 hutufanya tufikirie pia usonji, hali ya ukuaji inayoathiri jinsi mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu, na VHT aliutaja. Lakini mtoto huyu alikuwa akionyesha vitu kwa kidole, akileta kifuniko cha soda ili tukione pamoja naye, akitazama nyuso zetu bila kukoma, na akimlisha gunzi la mahindi kana kwamba ni mtoto mchanga. Mawasiliano yake yalikuwa hai, ila hayakupitia masikioni. Usonji na uziwi huweza kukutana kwa mtoto mmoja, kwa hiyo hatukuufuta, lakini tuliona kwamba kupima usikivu ndiko kunakotangulia kila kitu.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa maneno. Tulimwambia nani, na nini? Nilimwita mama kutoka sokoni siku hiyohiyo badala ya kumpa bibi ujumbe wa kubeba, na baba tukampigia simu akiwa njiani. Nilisema kwamba sidhani mtoto anasikia, kwamba sababu inayowezekana zaidi ni ule ugonjwa wa mwezi wa nane, kwamba sina mashine ya kuthibitisha, na kwamba mimi ndiye niliyekosea alipokuwa na miezi 18. Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama ni kwa sababu alichelewa kumpeleka hospitali usiku ule. Nilimjibu kwamba homa ya uti wa mgongo huweza kuharibu sikio la ndani hata mtoto akitibiwa vizuri. Hilo ni kweli, na alihitaji kulisikia kabla ya kusikia jambo lingine lolote.

Tatu, tulimpa rufaa. Hospitali ya rufaa ya mkoa ilichunguza masikio, haikukuta nta iliyoziba wala usaha, ikampeleka Kampala kwa kipimo kinachofanywa mtoto akiwa usingizini, ambapo vibandiko huwekwa kichwani ili kusoma jinsi neva inavyoitikia sauti. Kutoka baraza letu hadi kipimo hicho zilipita wiki 9. Wiki 2 zilikuwa za kusubiri tarehe. Zilizobaki zilikuwa za kutafuta nauli na mtu ambaye mama angemwachia kibanda chake cha nguo.

Nne, na huu nauona kuwa uamuzi bora kuliko yote, hatukusubiri majibu ndipo tuanze. Chama cha viziwi cha wilaya kilituunganisha na fundi cherehani wa mjini ambaye ni kiziwi tangu utotoni. Alianza kufika nyumbani kila Jumamosi kuwafundisha bibi, mama na kaka Lugha ya Alama ya Uganda kwa vitu vya siku: maziwa, njoo, moto, maliza, wapi, baba. Bibi alipinga mwanzoni. Aliogopa kwamba mtoto akizoea mikono hatatafuta sauti. Tulimweleza kwamba alama hazimzuii mtoto kusema, na kwamba ubongo wa miaka ya mwanzo unahitaji lugha kamili, iwe ya mdomo au ya mikono. Kilichomgeuza bibi, hata hivyo, ni kumwona mtoto akimtazama yule fundi. Alimtazama saa nzima. Baba naye aliuliza kama hiyo ni lugha kweli au ni ishara za kuigiza, nikamwambia kwamba Katiba ya Uganda ya 1995 imeagiza lugha ya alama kwa viziwi iendelezwe. Aliniomba nimwandikie jambo hilo kwenye simu.

Majibu na hali ilivyo

Kipimo kilionyesha upotevu mkubwa sana wa usikivu katika masikio yote mawili. Mtaalamu alipitia pia maeneo mengine ya ukuaji kwa kipimo kilichotengenezwa Malawi na kuchapishwa mwaka 2010, ambacho hutumia vitu ambavyo watoto wetu wanavifahamu. Matumizi ya mikono na uhusiano na watu vilikuwa sawa na umri wake. Mwendo ulikuwa nyuma kidogo, na mtaalamu alieleza kwamba sikio la ndani hubeba pia usawa wa mwili, hivyo ugonjwa uleule uliochukua usikivu ndio uliomwangusha akiwa amekaa na ndio uliomchelewesha kutembea.

Alipewa vifaa vya kusikilizia akiwa na miezi 30. Vinamsaidia kutambua honi na ngoma, havimfikishi kwenye maneno. Betri ni gharama isiyoisha, na kipande kinachoingia sikioni hubana kadiri mtoto anavyokua, kikahitaji kutengenezwa upya. Kipandikizi cha sikio la ndani, kifaa kinachowekwa kwa upasuaji ili kufikisha sauti kwenye neva ya usikivu, kilitajwa, lakini bei yake iko mbali na kibanda cha mitumba. Baada ya homa ya uti wa mgongo sikio la ndani huweza pia kuota mfupa ndani yake, na kadiri muda unavyopita ndivyo upasuaji huo unavyokuwa mgumu zaidi.

Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa na miaka 3 na miezi 2. Bibi alikuwa ameorodhesha alama 94 kwenye daftari la shule la kaka. Mtoto alikuwa akiunganisha mbili na tatu: "maziwa tena", "baba gari kuja". Hasira za kujitupa chini, ambazo mama hakuwahi kunitajia kwa sababu aliziona ni tabia mbaya tu, zilikuwa zimepungua sana. Suala la shule bado halijatatuliwa. Iliyo karibu haina mwalimu anayejua alama, na yenye mwalimu ni ya bweni, jambo ambalo mama hataki kulisikia kwa mtoto wa umri huo. Sioni sababu ya kumlaumu.

Uchambuzi

Kosa la kwanza halikutokea kwetu. Homa ya uti wa mgongo ni miongoni mwa sababu zinazojulikana sana za uziwi unaotokea baada ya kuzaliwa. Miongozo ya Uingereza inataka usikivu upimwe kabla mtoto hajatoka hospitali ikiwezekana, au ndani ya wiki 4 tangu awe na nguvu za kupimwa. Wodi isiyo na mashine inaweza angalau kuandika sentensi moja kwenye karatasi ya ruhusa. Sentensi hiyo ingemfikia mtoto akiwa na miezi 9, umri ambao alipaswa kuletwa kwetu kwa chanjo, na karatasi hiyo ilikuwa ndani ya mkoba wa mama siku zote.

Kosa langu la miezi 18 lina sehemu kadhaa. Nilipima macho nikadhani nimepima masikio. Mtoto asiyesikia huwa hodari wa kuona, hivyo makofi yanayoonekana, mlango unaovuta upepo na mguu unaotikisa ubao vyote vitamgeuza. Swali nililomuuliza mama, "Anasema?", lilikuwa la kawaida mno, nami nilipopata jibu la "bado" sikuuliza kama aliwahi kubwabwaja na akaacha. Mtoto anayepoteza uwezo aliokuwa nao, katika umri wowote, hapaswi kusubiriwa. Pia nilipaswa kushtushwa na mwendo: katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2006, karibu watoto wote wenye afya walianza kutembea peke yao kati ya miezi 8.2 na 17.6. Aliyefikisha miezi 18 bila kutembea, tena akiwa na historia ya degedege na homa ya uti wa mgongo, alihitaji rufaa hata kama masikio yangekuwa mazima.

Hoja ya lugha nyingi nataka niikalie kidogo kwa sababu naisikia kila wiki katika miji yetu. Lugha tatu nyumbani haziwi chanzo cha mtoto kutosema. Mtoto wa namna hiyo hugawa maneno yake, moja la Kiswahili, moja la Kiganda, moja la bibi, na ukiyahesabu pamoja utaona yanatosha. Wengi kufikia miaka 2 huunganisha maneno mawili, hata kama moja ni la huku na jingine la kule. Huyu wetu hakuwa na neno hata moja katika lugha yoyote, na bado nilizilaumu lugha. Tena ushauri wangu ulimfanya bibi aache kuimba nyimbo za kwao kwa miezi kadhaa. Aliponiambia hivyo nilishindwa kumtazama.

Kutembea nako kulituhadaa. Katika fikra za wengi wetu ukuaji ni ngazi moja, aliyepanda daraja hili atapanda linalofuata. Lakini mwendo, mikono, lugha na uhusiano na watu huenda kila kimoja kwa njia yake, na furaha ya kimoja inaweza kufunika ukimya wa kingine. Mtoto alipopiga zile hatua 5 nilipaswa kuziona jinsi zilivyokuwa, miguu imepanuka, mikono iko hewani. Zilikuwa zikiniambia habari ya sikio.

Kilichofanikiwa kilianzia kwa bibi. Familia hii ilikuwa imekwisha kujua kwa mikono yao kile ambacho hakuna aliyekitamka. Bibi aligonga benchi, kaka alirusha punje, mama alitumia taa. Walikuwa wamejenga njia tatu za kumfikia mtoto asiyesikia, huku wote watatu wakisema kwamba anasikia. Tangu siku ile, kabla sijamuuliza mlezi mtoto anafanya nini, humuuliza yeye mwenyewe hufanya nini: unamwitaje akiwa amekupa mgongo, unamwamshaje, unajuaje anataka maji. Majibu yake huwa ya kweli kwa sababu hajui kwamba anajibu swali la ugonjwa, wala haoni haya.

Kuanza lugha ya alama kabla ya majibu kulikuwa sahihi hata kama kipimo kingetoka vingine, kwani mtoto anayesikia hapotezi chochote kwa kujifunza alama 20. Kumtumia mtu mzima aliye kiziwi, badala ya karatasi yenye picha, kuliwapa wazazi kitu ambacho mimi nisingeweza kuwapa: walimwona mtu mwenye cherehani, wateja na familia, wakaacha kuuliza kama binti yao atakuwa mzigo.

Kuhusu mganga na wembe, sikumkaripia bibi, na ninaamini ndiyo maana mama aliweza kunieleza. Tulizungumza na mganga mwenyewe kupitia VHT. Amekubali kuwaelekeza kwetu watoto wasiosema, ingawa sina hakika kama anafanya hivyo kwa wote.

Kituoni tumebadilisha mambo machache. Kopo la maharage liko kwenye droo ya meza ya chanjo, na dozi ya miezi 18 haitolewi mpaka mtu mmoja akae mbele na mwingine asimame nyuma. Wodi ya watoto ya hospitali iliyo karibu nasi imekubali kutupigia simu inapomruhusu mtoto wa eneo letu aliyeugua homa ya uti wa mgongo. Mpaka sasa wametupigia mara mbili. Mtoto wa kwanza amepimwa na anasikia pande zote mbili. Wa pili hajaletwa, simu ya baba yake haipatikani, na VHT wa kijiji chao atakwenda kuwatafuta Jumatano.